Idara ya Dharura Si Chumba cha Mahojiano

Mtu aliye mikononi mwa wasafirishaji haramu wa binadamu hupangiwa karibu kila kitu: saa ya kulala, simu ya kupokea, mtu wa kuongea naye, hata habari za kuwapelekea wazazi wake. Mwili pekee haupangiki. Mkono ukinaswa na mashine, mimba ikiharibika, homa ikipanda mpaka mtu anaweweseka, anayemtumikisha hujikuta na chaguo baya mbele yake: amwache afe apoteze mapato, au ampeleke hospitali. Wengi hupelekwa, tena kwa kuchelewa, na mlango wanaopitia ni wa idara ya dharura, maana pale hapadaiwi miadi wala barua ya rufaa, na usiku kucha pako wazi.

Tafiti zinaonyesha hivyo. Mwaka 2014 Laura Lederer na Christopher Wetzel walichapisha nchini Marekani matokeo ya mazungumzo na wanawake na wasichana wapatao mia moja walionusurika biashara ya ngono ya kulazimishwa. Karibu 88 kwa kila 100 ya waliojibu walisema waliwahi kuonana na mtoa huduma za afya wakiwa bado wanatumikishwa, na zaidi ya 63 kwa kila 100 walikuwa wamefika hospitali au chumba cha dharura. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2016, uliwahusisha manusura 173, wakiwemo waliotumikishwa kazi za kawaida. Asilimia 68 walikuwa wameonwa na mhudumu wa afya, idara za dharura zikiongoza. Sampuli hizi ni ndogo, na ni za watu waliofanikiwa kutoka. Asiwepo wa kuzizidisha apate hesabu ya dunia nzima. Hata hivyo zinatuachia swali zito. Watu hawa walifika, wakapimwa, wakapewa dawa. Kwa nini waliondoka na walewale waliowaleta?

Jibu la haraka ni kwamba wahudumu hawakuzijua dalili. Basi huandaliwa mafunzo ya nusu siku, mabango hubandikwa ukutani, na orodha ya dalili huzungushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Mafunzo siyapingi. Ninachokipinga ni ile imani kwamba kazi imeishia hapo. Kuzijua dalili ndiyo sehemu nyepesi. Uzito unaanza pale muuguzi anaposhuku jambo saa nane usiku, foleni imejaa, na mwanamume aliyemleta mgonjwa amesimama miguuni pa kitanda hataki kutoka. Kwa wakati huo bango halimsaidii. Linalomsaidia ni utaratibu ambao hospitali ilipaswa kuuweka miezi mingi kabla ya usiku huo.

Tuanze na maana, kwa sababu kosa la kwanza hutokea hapo. Itifaki ya Palermo, makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya biashara hii, yaliyoanza kutumika mwaka 2003, inautazama usafirishaji haramu wa binadamu kwa mafungu matatu. Kuna kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Kuna njia: nguvu, vitisho, ulaghai, au kutumia vibaya mamlaka na unyonge wake. Na kuna lengo, ambalo ni kumnyonya, iwe kingono, kwa kazi za kulazimishwa, kwa utumwa au kwa kumtoa viungo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, fungu la njia halihitajiki kabisa. Kwa mtu mzima, njia hizo zikishatumika, hoja ya kwamba "alikubali mwenyewe" haina nguvu tena. Wala katika tafsiri hiyo hakuna sharti la kuvushwa mpaka. Mtu anaweza kutumikishwa nyumba ya tatu kutoka alikozaliwa, na anayemtumikisha akawa shangazi yake.

Picha iliyojaa vichwani mwa wengi, ya msichana mwenye minyororo mikononi, inawaficha watu wengi kuliko inaowafichua. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, shirika la kupinga utumwa la Walk Free na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, yaliyotolewa mwaka 2022, yanasema watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa mwaka 2021. Milioni 6.3 kati yao walikuwa katika biashara ya ngono. Milioni 17.3 walitumikishwa na watu au kampuni binafsi katika shughuli nyingine: mashamba, kazi za ndani, viwanda, ujenzi, uvuvi. Zaidi ya nusu ya wote walikuwa wanaume na wavulana. Kisheria, kazi za kulazimishwa na usafirishaji haramu si kitu kimoja, ingawa vinaingiliana sana. Lakini daktari anayemtafuta msichana wa minyororo peke yake atawapita wagonjwa wengi.

Mgonjwa huyo anaweza kuwa mfanyakazi wa shamba anayetokwa mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa, baada ya kupulizia viuatilifu bila kinga yoyote. Anaweza kuwa fundi wa ujenzi ambaye figo zinashindwa kwa kushinda juani bila maji, au mfanyakazi wa ndani mwenye alama za pasi mgongoni, nyingine mbichi, nyingine zimeshapona zamani. Anaweza kuwa mtu mwenye kovu refu ubavuni asiyeweza kueleza figo yake ilitolewa wapi, asiye na karatasi hata moja ya upasuaji ule. Faili zao huandikwa "ajali kazini" au "maumivu ya tumbo" zikafungwa. Ni nadra kuulizwa kama walikuwa na uhuru wa kuiacha kazi iliyowaumiza.

Dalili zenyewe zinafahamika: jeraha lisilolingana na maelezo, kuchelewa kutibiwa, mtu asiyejua anuani ya anakoishi, asiyeshika kitambulisho chake mwenyewe, anayetazama usoni pa aliyemleta kabla ya kujibu, anayerudia maelezo yaleyale kama aliyekaririshwa, anayetaja deni lisilopungua. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Mume anayejibu kwa niaba ya mkewe huenda ana hofu tu, mke anaungua kwa homa. Mgeni asiye na kitambulisho huenda amekisahau nyumbani. Ndiyo maana siamini katika karatasi ya kuweka alama za vema kisha kujumlisha. Kinachotakiwa ni mhudumu anayeona mambo mawili matatu hayakai sawa pamoja, kisha akachukua hatua ndogo inayofuata, ya kumpatia mgonjwa faragha, bila kusubiri awe na uhakika.

Na kuna dalili moja ambayo mabango huikwepa kwa sababu haipendezi: mgonjwa msumbufu. Anatukana. Hataki kuvua nguo. Anadai dawa ya maumivu kila baada ya dakika tano. Ana harufu ya pombe, au amefika akiwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa za kulevya alizozizoea, na hii ni mara yake ya nne mwezi huu. Wahudumu wanamjua kwa jina la utani. Mtu aliyefundishwa kwa kipigo kwamba kila anayemkaribia ana anachotaka kwake hawezi kuingia hospitali akiwa mpole na mwenye shukrani. Watumikishaji hutumia dawa za kulevya kama kamba: humzoesha mtu, halafu humtisha kwa arosto. Idara inayomwacha mgonjwa huyo atetemeke kwenye benchi ili "ajifunze" inamrudisha yenyewe kwa anayemshika, kwani ndiye pekee atakayemtuliza usiku ule. Kuitibu arosto vizuri ni sehemu ya kumlinda. Sioni namna nyingine ya kumpa muda wa kutosha wa kufikiri.

Sasa faragha. Hili ndilo jambo ambalo, kama hospitali ingetakiwa kuchagua moja tu, ningeomba ilichague. Kila mgonjwa aonwe peke yake kwa dakika chache, na iwe kanuni kwa wote: mzee wa shinikizo la damu, mama mjamzito, kijana aliyevunjika mguu. Muuguzi anayemwambia msindikizaji, "Hapa kila mgonjwa tunamwona peke yake kwanza, wewe tutakuita," anatangaza utaratibu wa nyumba na hajamtuhumu mtu. Anayemtenga msindikizaji mmoja tu kwa sababu amemshuku ameshamwonyesha kwamba ameshukiwa, na gharama ya hilo ataibeba mgonjwa wakifika nyumbani. Pasipo na kanuni hiyo bado zipo njia: kipimo cha mkojo, eksirei ambayo mtu wa pili haruhusiwi kuingia, kupima uzito chumba cha jirani. Msindikizaji akigoma kabisa, asibishiwe mbele ya mgonjwa. Kugoma kwake ni taarifa tosha, na mlinzi wa zamu awe anajua mapema nini kinatakiwa kwake.

Faragha siku hizi ina adui mwingine, simu. Mgonjwa anaweza kuwa peke yake nyuma ya pazia huku simu iliyo mfukoni imeachwa hewani na mtu wa upande wa pili anasikiliza kila neno. Kuiweka simu nje kabla ya kipimo ni ombi la kawaida, na liwe la kawaida kwa wote. Pazia lenyewe haliizuii sauti. Mazungumzo haya yanahitaji mlango unaofungwa. Kama lugha ni tatizo, mkalimani awe wa hospitali au wa kupigiwa simu, asiwe "binamu" aliyekuja naye wala mtu wa jamii yake anayeweza kuzijua pande zote mbili. Mara nyingi anayejitolea kwa bidii kutafsiri ndiye mtu wa kutopewa kazi hiyo.

Wakishabaki wawili, muuguzi aseme nini? Kabla ya swali lolote, aeleze mipaka ya siri. Mambo gani yatabaki kati yao, na yapi sheria inamlazimu kuyaripoti, hasa kama mgonjwa ni mtoto. Kumwacha mtu afunguke kwanza, kisha kumwambia "hili sasa lazima nilipeleke mbele," ni kumfanyia alichozoea kufanyiwa. Baada ya hapo, maswali ya maisha ya kawaida. Umewahi kufanya kazi mahali palipokutia hofu? Umewahi kulaghaiwa au kulazimishwa kufanya kazi usiyoitaka? Ukitaka kuacha, nini kitatokea kwako au kwa familia yako? Chombo kifupi cha maswali manne kiitwacho RAFT, kilichojaribiwa katika idara za dharura za jiji la New York, kinafuata njia hii hii. Swali la "je, wewe ni mhanga wa usafirishaji haramu?" halina faida. Wengi hawajioni hivyo. Wanajiona watu wenye deni, au wenye mpenzi mkali, au watoto waliotumwa na wazazi kusaidia nyumbani.

Wengi watasema hapana. Hapa ndipo nadhani mafunzo mengi yanapotosha, kwa kuwafanya wahudumu waamini kwamba usiku wa mafanikio ni ule ambao mgonjwa amekiri na polisi wamefika. Mgonjwa anajua mambo ambayo muuguzi hayajui: kwamba mdogo wake yuko mikononi mwa watu haohao, kwamba mara ya mwisho aliyezungumza alirudishwa akiwa hoi, kwamba hana kibali cha kuishi nchini. Hapana yake inaweza kuwa hesabu sahihi kwa siku hiyo. Utaratibu uitwao PEARR, ulioandaliwa na mtandao wa hospitali wa Dignity Health pamoja na mashirika ya HEAL Trafficking na Pacific Survivor Center nchini Marekani, unalikubali hili: unaanza na faragha, unafuata na kuelimisha, ndipo kuuliza kunakuja, na mwisho ni kuheshimu jibu na kulifanyia kazi. Kuelimisha kunatangulia kuuliza. Mhudumu anaweza kumwambia kila mgonjwa kwamba wapo watu wanaonyimwa mishahara, wanaonyang'anywa pasipoti, wanaolazimishwa ngono, kwamba si kosa lao, na kwamba msaada upo. Asiyetaka kusema neno anaondoka akiwa amelisikia hilo. Na akimkuta muuguzi aliyemheshimu, yupo uwezekano wa kurudi.

Namba ya msaada isisukumizwe mfukoni mwake. Karatasi ikipatikana na mtumikishaji inaweza kumgharimu mgonjwa meno. Aulizwe yeye: ni salama kuichukua? Anaweza kuikariri? Yeye ndiye anayejua nyumba anayorudi.

Tiba yenyewe isipotee katikati ya haya yote. Mgonjwa alikuja kwa sababu anaumwa, na kumtibu vizuri ndiyo hoja ya kwanza kwamba mahali hapa panaaminika. Aliyebakwa ana saa zinazohesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na zimezwe siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 72 au 120 kutegemea aina, nazo mapema ni bora. Kuna magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, pepopunda kwa wenye vidonda. Aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama yoyote shingoni huku mshipa mkubwa wa damu umechanika kwa ndani. Sauti iliyokauka, maumivu ya kumeza au kupoteza fahamu kwa muda ni sababu ya kumfanyia kipimo cha picha, asirudishwe nyumbani. Kuna meno yaliyooza, kifua kikuu kisichotibiwa, njaa. Kuna sonona na mawazo ya kujiua, ambayo yaulizwe waziwazi. Kama mgonjwa hawezi kurudi kliniki kesho, na mara nyingi hawezi, yale yanayowezekana yafanywe leo kwa mkupuo mmoja: chanjo, dozi kamili mkononi pale ni salama kuibeba, dawa za dozi moja badala ya za wiki.

Namna ya kuyafanya haya ina uzito sawa na orodha yake. Kila mguso uombewe ruhusa. Mgonjwa aambiwe kinachofuata kabla hakijafuata, na aambiwe kwamba akisema "simama," daktari atasimama. Kisha akisema, daktari asimame kweli. Apewe nafasi ya kuchagua mhudumu wa kike au wa kiume inapowezekana. Uchunguzi wa sehemu za siri usiokuwa wa lazima usiku ule usubiri. Ushahidi wa jinai uchukuliwe akiridhia, na asiporidhia tiba isipungue hata chembe. Chakula na nguo safi huonekana vitu vidogo kwenye bajeti, lakini kwa mtu ambaye kila alichopewa kilikuja na deni, kupewa bila kudaiwa ni jambo kubwa.

Kumbukumbu zina hatari yake. Faili lililoandikwa vizuri, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe na michoro ya majeraha, linaweza kumsaidia mahakamani miaka mingi baadaye. Faili hilohilo, likisomwa na mtumikishaji kupitia akaunti ya mgonjwa mtandaoni, karatasi ya kuruhusiwa au bili inayotumwa nyumbani, linaweza kumponza. Marekani iliongeza misimbo maalumu (alama za kuandikia tatizo la mgonjwa kwenye faili) ya utambuzi wa unyonyaji huu kuanzia Oktoba 2018, na kwa takwimu ni hatua nzuri; lakini kabla ya msimbo kuingizwa, hospitali ijue nani ataweza kuuona. Karatasi anayoondoka nayo mgonjwa iandike jeraha na dawa. Hayo mengine yabaki ndani.

Kwa mtoto njia ni tofauti. Akishukiwa kunyonywa, vyombo vya ulinzi wa watoto vijulishwe kama sheria ya mahali inavyotaka, na asiruhusiwe kuondoka na mtu kwa sababu tu mtu huyo amejiita mjomba. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, kuita polisi bila ridhaa yake, pale sheria isipolazimisha, ni kumwondolea uamuzi mwingine tena. Kwa asiye na kibali cha kuishi ni vibaya zaidi, maana mtumikishaji amekuwa akimwambia kila siku kwamba akienda kwa watu wa serikali atafungwa. Hospitali inayopeleka majina ya wagonjwa kwa maofisa wa uhamiaji inamthibitishia kwamba aliambiwa ukweli.

Halafu kuna yule anayesema ndiyo. Saa tisa usiku, mlango umefungwa, mgonjwa anasema: sitaki kurudi. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vigezo vya Wilson na Jungner kuhusu upimaji wa magonjwa, na kimojawapo ni kwamba usipime watu jambo ambalo huna njia ya kulitibu. Kigezo kile kiliandikwa kwa ajili ya magonjwa, lakini kinalihukumu jambo hili pia. Idara inayouliza maswali bila kujua itampeleka wapi anayejibu inacheza na maisha ya mtu. Kwa hiyo kabla ya mafunzo ya dalili, uongozi ujibu haya kwa maandishi. Nyumba salama ipi inapokea usiku, na je inapokea wanaume, mama mwenye watoto, mtu aliye kwenye arosto? Ofisa ustawi wa jamii yupi anapatikana baada ya saa za kazi? Nani ana mamlaka ya kumlaza mgonjwa mpaka asubuhi hata kama kidonda chake hakihitaji kitanda? Bili analipa nani? Anatoka kwa mlango gani, kama aliyemleta bado amekaa mapokezi? Namba zote zilizo kwenye orodha hiyo zipigwe kila mwezi, tena usiku, na isiyopokelewa ifutwe na kutafutiwa nyingine.